Mkamwana wa Mwalimu Onsongo

Chuo chenyewe, mgeni angeweza kupita mbele yake asubuhi na jioni asijue kuwa ni chuo. Kilikuwa hapo Rodi Kopany, nyuma ya maduka, katika jengo lililokuwa zamani kinu cha mahindi, na mvua ikinyesha kuta zilianza upya kunuka unga. Ukuta wa mabati uliligawa jengo pande mbili: huku darasa, kule chumba cha kliniki chenye kitanda kimoja. Ofisi ya mkuu wa chuo ilikuwa meza kibarazani. Wanafunzi walikuwa wachache kiasi kwamba mmoja akipiga chafya, wenzake walimjua bila kugeuka. Walisomea kazi ya kuwasaidia wauguzi, na kibao cha nje kilikuwa kimeandikwa na mtu ambaye, tuseme ukweli, hakupima nafasi kabla ya kuanza, maana herufi za mwisho zilibanana kama abiria.

Watu wa soko walikicheka chuo hicho. Bathsheba hakukicheka hata siku moja.

Siku yake ya kwanza, mwaka wa tisini na sita, mwenye chuo alimchoma kidole kwa sindano. Huyo alikuwa Mama Marcella, muuguzi mstaafu mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Alipaka tone la damu kwenye kioo, akakitengeneza kwa dawa zake, kisha akamwambia Bathsheba aweke jicho kwenye hadubini. Bathsheba akaweka. Alitegemea kuona wekundu mtupu, akaona umati: vitu vidogo vya mviringo vimejazana, vingi kuliko watu wa siku ya soko. Akatoa jicho, akakitazama kidole chake, akalirudisha jicho. Miaka yote hiyo alitembea na umati huo ndani yake, akichota maji, akiuza ndizi za mama yake huko Migori, na hakuna aliyewahi kumwambia. Alishikwa na mshangao hadi machozi yakamtoka. Mama Marcella akampa pamba ya kujipangusa na kumwambia ampishe mwingine.

Tangu siku hiyo alikuwa mtu wa chuo. Siku za wiki alikaa Rodi, katika chumba alichokodi pamoja na Nyangi, msichana wa Kikuria kutoka Ntimaru, mwenye mdomo usiojua breki. Ijumaa mchana alirudi Migori kwa mumewe Monari, fundi na muuzaji wa vipuri vya baiskeli, ili jua la Sabato limkute nyumbani. Monari alikuwa na roho nzuri. Alimsikiliza mkewe akieleza habari za ini na figo huku akikaza spoku, na akimaliza alimuuliza kama kuna chai.

Tabu ilianza mwalimu wao alipopata kazi serikalini, akaondoka bila hata kufuta ubao. Mama Marcella akatafuta mwingine, akampata mzee mmoja wa Rongo, afisa wa kliniki aliyekuwa amestaafu. Asubuhi ya kwanza ya mwalimu huyo, Bathsheba alikuwa ameketi benchi la mbele na Nyangi. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Onsongo, baba mzazi wa Monari.

Hakuna aliyekuwa na habari. Mzee hakuwa na desturi ya kumweleza mke wa mwanawe safari zake, wala yeye hakuwa na desturi ya kumweleza mzee jina la chuo chake. Mambo yao yalipita kwa Monari, na Monari alikuwa msahaulifu wa kutupwa. Bathsheba aliinamisha kichwa, akateleza kwenye benchi taratibu hadi mwisho, akahamia nyuma. Mzee naye aligeukia ubao na kuusoma kwa muda mrefu, ingawa ulikuwa umefutwa na Nyangi dakika hiyo hiyo.

Kwa Wakisii, mzee na mkamwana wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mkono. Mzee haingii chumba anacholala mkamwana. Na mambo ya mwili, hasa ya mwanamke na uzazi, hayatajwi mmoja akiwa mbele ya mwingine. Heshima hiyo wanaiita chinsoni, na wala shule wala kanisa havijaiondoa. Onsongo alikuwa mzee wa kanisa, amehudumia wagonjwa tangu ujana wake, lakini katika jambo hilo alikuwa kama baba yake alivyokuwa. Bathsheba vivyo hivyo. Sasa fikiria masomo ya afya yasiyotaja mwili.

Mama Marcella aliposikia alicheka hadi akashika meza. Yeye Mjaluo, alijua vizuri heshima ya wakwe, kwa hiyo hakumwambia mtu yeyote kwamba ni upuuzi. Alisema tu kwamba chuo chake hakina mwalimu wa akiba wala darasa la akiba, basi wenyewe wajue watakavyoishi. Wakajua. Yakiwa ni masomo ya kuosha mikono, kufunga vidonda na kupima joto, Bathsheba aliketi nyuma. Mzee akichukua ile picha ya mtu aliyechunwa ngozi na kukohoa, Bathsheba alitoka na kigoda chake, akaketi nje chini ya dirisha, mgongo ukutani. Dirisha lilikuwa wazi na sauti ilipita yote. Lakini walikubaliana, bila kuambizana neno, kwamba aliye nje hayupo.

Hapo chini ya dirisha ndipo Bathsheba alipomjua baba mkwe wake. Nyumbani kwake Rongo alikuwa mzee wa kula peke yake, wa kuulizia mvua na ng'ombe kisha kunyamaza. Darasani alikuwa mtu mwingine. Alieleza safari ya ugali toka mdomoni hata ungeona njia. Alieleza jinsi mfupa uliovunjika unavyojiunga wenyewe gizani, bila kuomba msaada wa mtu, na kwamba kazi ya hospitali ni kuunyoosha na kuungoja tu. Nje, Bathsheba alisahau kuandika. Kuku wa jirani walimpita miguuni, wapita njia walimwangalia kama mwanafunzi aliyefukuzwa, naye hakuona kitu. Alikuwa akistaajabu kwamba mtu anaweza kubeba elimu yote hiyo kifuani na bado akaja mezani akaulizia mvua.

Siku moja mzee alisema kwamba moyo wa mtoto tumboni huanza kupiga kabla mtoto mwenyewe hajapata uso. Hana macho, hana pua, hajulikani atafanana na nani, lakini tayari moyo unafanya kazi. Bathsheba aliweka mkono kwenye tumbo lake, ambalo wakati huo lilikuwa bado siri yake na ya Monari, na akabaki hivyo hadi kengele.

Tumbo lilipokua, Mzee Onsongo hakuliona. Yaani aliliona, hata mwenye duka la ng'ambo aliliona, ila kwa chinsoni yao hakuliona. Alichofanya ni kuagiza kigoda cha nje kibadilishwe kiwe kiti chenye mgongo. Alisema hicho kigoda kinaharibu sura ya chuo. Mtoto naye alikuwa mchezaji. Kila somo lilipoanza alipiga teke, na Nyangi alisema huyo atazaliwa na cheti mkononi.

Halafu mtoto akanyamaza.

Ilikuwa Sabato, kanisani Migori, Bathsheba alipogundua kwamba tangu asubuhi hajasikia kitu. Akajiambia mtoto amelala. Jumapili akala vizuri, akalala ubavu, akangoja. Jumatatu akarudi Rodi na kwenda darasani, na alipoulizwa swali kuhusu homa akajibu kuhusu vidonda. Jumanne, wakifua nguo, alimwambia Nyangi. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Nyangi alikosa la kusema.

Lilipomjia, lilikuwa la wazi. Mama Marcella alikuwa ameenda Kisumu kununua dawa, angerudi Alhamisi, lakini baba mkwe alikuwa hapo hapo, na mkoa mzima ulimjua kwa mikono yake. Kwa nini asiambiwe? Bathsheba alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Amwambie nini, na aanzie wapi? Nyangi akasema basi waende hospitalini Homa Bay, si mbali. Bathsheba akasema kesho. Ukweli, ambao hakuusema, ni kwamba huko Homa Bay wangempa jibu, na jibu ndilo aliloliogopa. Maadamu hakuwa ameuliza, mtoto alikuwa bado mzima.

Jumatano mvua ilimwagika tangu alfajiri. Jumatano ilikuwa siku ya kliniki, siku ambayo akina mama wajawazito wa vijiji vya karibu walikuja kupimwa bure na wanafunzi wakajifunza. Na Jumatano hiyo Mzee Onsongo alikuwa amepanga kuwafundisha kusikiliza moyo wa mtoto kwa ile pembe ya mbao ambayo mkunga huiweka tumboni na kuitegea sikio. Saa nne ilifika, saa tano ikafika, mto umejaa, hakuna mama hata mmoja. Mzee alifunga mwavuli wake akasema somo litaahirishwa.

"Ticha, mama mmoja ako," Nyangi alisema. "Ako kwa kitanda tayari."

Ni yeye aliyemlaza. Alikuwa amemkuta Bathsheba kibarazani, kwenye kiti chake, mikono yote miwili tumboni na uso umekauka. Alimshika mkono bila kumwomba ruhusa, akampitisha mlango wa nyuma, akamlaza, akamfunika leso na kurudi darasani. Bathsheba, akiwa amelala pale, ubavu wa kushoto ukigusa ule ukuta wa mabati, alisikia kila neno lililosemwa upande wa pili. Alisikia pia hatua za mzee zikielekea dirishani. Alijua mzee ametazama dirishani na kuona kiti kitupu.

"Huyo mama anaendelea vizuri?" mzee aliuliza.

"Hatujui, mwalimu. Ndiyo tunataka kujua."

Kiti kiliburutwa sakafuni, kikaja hadi ukutani, na bati likalia kidogo mgongo wa mtu ulipoliegemea. Sauti ya mzee ikawa karibu sana na sikio la Bathsheba, na haikuwa imegeukia upande wake. Alisema yeye hataingia. Wasichana waingie, wamsikilizie. Atakayesikia kitu agonge bati kwa kidole, vile vile anavyosikia, asiongeze wala asipunguze, naye atajua ni nini. Tony, mvulana pekee wa darasa, aliambiwa abaki hapo ashike saa.

Wakaingia. Nyangi alifunua tumbo, akaweka pembe, akainama. Mvua ilikuwa imepungua na hakuna aliyepumua kwa nguvu. Bathsheba aliutazama uso wa rafiki yake na hakuupenda. Baada ya muda Nyangi akainua kidole na kugonga: mdundo wa polepole, wenye nafasi katikati.

"Huo ni wa mama," mzee alisema. "Wa mtoto hukimbia. Tafuta tena."

Akatafuta tena, chini, kulia, kushoto. Wakapokezana pembe yeye na wenzake wa darasa. Phanice akasikiliza, Joyline akasikiliza, na kila aliyegonga aligonga ule ule wa polepole, na kila mara mzee akasema huo ni wa mama. Moyo wa Bathsheba mwenyewe ulikuwa umejaa bati zima. Aliona aibu nao, kama mtu anayezungumza sana mahali ambapo mwingine anangojwa aseme.

"Muulizeni mama," mzee alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mtoto alicheza lini mara ya mwisho?"

Bathsheba alimvuta Nyangi kwa ukosi na kumnong'oneza, ingawa Nyangi alikuwa anajua. Alitaka litoke kwake mwenyewe.

"Anasema ni Ijumaa," Nyangi alisema kwa sauti. "Tangu Sabato hajasikia."

Tony alisimulia baadaye kwamba mzee alivua miwani na kufumba macho, na kwamba midomo yake ilikuwa inakwenda, ikiwa ni sala au ni hesabu hakujua. Bathsheba alifahamu kitu kimoja tu: bati lilikuwa limeanza kutetemeka. Alidhani ni mvua. Kisha akaelewa kuwa ni mgongo wa mzee, na woga wake ukaongezeka maradufu, maana ikiwa anayejua njia zote za mwili anatetemeka, yeye asiyejua afanye nini?

"Nyangi," mzee akasema. "Weka hiyo pembe chini. Tumia mikono. Hapo juu kabisa, chini ya mbavu za mama, kuna nini?"

Nyangi alipapasa. Alisema kuna kitu kigumu.

"Kigumu namna gani?"

"Mviringo. Nikikisukuma kinaenda halafu kinarudi."

"Hicho ni kichwa," mzee alisema. "Mtoto amekaa. Nyinyi mnamtafuta chini na yeye yuko juu. Weka pembe juu ya kitovu, upande utakaokuta mgongo wa mtoto. Kama hukupata hapo naingia mwenyewe, na wazee watanisamehe wakitaka."

Wasichana wote walitazamana, maana hata wale ambao si Wakisii walijua neno hilo lina uzito gani. Bathsheba alifunga macho. Alisikia ubaridi wa mbao ukipanda tumboni, ukipita kitovu, ukisimama. Alisikia nywele za Nyangi zikimgusa ngozi. Aliomba, na alichoomba kilikuwa kifupi sana.

Kidole kikaanza kugonga bati.

Kilianza kwa wasiwasi, kikakosea, kikasimama, kikaanza tena. Halafu kikashika. Mdundo mwepesi, wa haraka, uliofuatana bila kupumzika, kama mtoto anayekimbia bila viatu kuelekea nyumbani. Phanice aliziba mdomo kwa mikono. Nyangi hakuinua kichwa. Machozi yake yalidondokea tumboni kwa mwenziwe na kidole hakikusimama. Bathsheba alisikiliza kwa mwili mzima. Alikuwa amebeba mtoto huyo tangu mwanzo, amempa chakula na damu na usingizi, na hakuwahi kumsikia. Mama hawezi kuinama akajitegea sikio tumboni. Sasa alikuwa anamsikia kwenye bati la kinu cha zamani, mwenye haraka zake, mzima, hana habari na hofu ya mtu yeyote. Hadubini ilikuwa imemwonyesha mengi. Hili lilizidi yote, na hakujua alie au acheke, akafanya yote mawili.

Walingoja mzee aseme huo ni wa nani. Hakusema.

"Mwalimu?" Nyangi aliita, sikio likiwa bado kwenye pembe.

"Endelea," mzee alisema.

Akaendelea. Tony alisema dakika imekwisha, na mzee akamwambia aiache hiyo saa.

"Endelea kidogo tu," alisema tena, na sasa kila mtu alisikia kwamba analia.

Baadaye alitoa maagizo kama kawaida yake, kwamba mvua ikikatika mama apelekwe Homa Bay akaangaliwe vizuri zaidi, na kwamba Tony akimbie stendi kutafuta gari. Lakini kabla ya hayo Nyangi alichoka shingo. Alijinyoosha, akatoa pembe tumboni, na kidole chake kikaacha bati.

Mdundo haukuacha. Uliendelea kutoka upande wa pili, kwa kasi ile ile, bila kukosea. Mzee Onsongo alikuwa ameushika, na sasa aliugonga mwenyewe kwa kidole chake, peke yake.

Bathsheba aligeuka ubavu. Akanyoosha mkono, akaweka kiganja chake kwenye bati, mahali pale pale panapogongwa, akakiacha hapo.